Laga iliyonukia embe Dar es Salaam na kunukia boksi Mtwara

Swali: "Shikamoo mzee. Mimi ni mpimaji wa ubora wa korosho, ninaishi Ligula hapa Mtwara. Mwezi uliopita nilikuwa Dar es Salaam kikazi, wenzangu wakanipeleka kwenye baa inayopika bia yake yenyewe, matangi yakionekana nyuma ya kioo. Nilipewa laga waliyosema ina hopsi nyingi. Ilikuwa chungu kuliko bia nilizozizoea, lakini ilinukia embe na ganda la balungi hata nikauliza kama wametia juisi, wakakataa. Nikanunua lita moja na nusu, wakanijazia bombani kwenye chupa ya plastiki, nikarudi nayo kwa basi. Niliifungua siku ya tisa mbele ya ndugu zangu: embe hakuna, uchungu upo, na nyuma yake kuna harufu ya boksi lililonyeshewa. Wakanicheka. Je, nilidanganywa kuhusu juisi? Niliuziwa bia mbovu? Na anayetaka kuionja bia ya namna hii kwa haki aanzie wapi?"

Jibu: Marahaba. Hukudanganywa kuhusu juisi, na bia uliyouziwa haikuwa mbovu ilipokuwa tangini. Si kila mgema akisifiwa hulitia tembo maji. Iliharibika ilipokuwa ikijazwa, ikaharibika zaidi njiani na nyumbani kwako, kwa sababu ambazo wewe, kwa kazi yako ya korosho, unazijua tayari kwa jina jingine.

Nianze na embe. Hopsi ni maua ya kike ya mmea unaopanda kwenye kamba na nguzo kama mtambuu, na ua lenyewe lina magamba mepesi ya kijani yaliyolaliana. Ukilipasua kwa kucha unakuta chini ya magamba hayo unga wa manjano unaonata vidoleni, na karibu kila kinachotafutwa na mpishi wa bia kimo ndani ya unga huo. Kuna utomvu, na kuna mafuta. Utomvu una asidi ziitwazo asidi za alfa, ambazo zikichemshwa muda mrefu katika maji ya kimea hubadilika umbo, zikayeyuka na kuwa ule uchungu unaoujua. Mafuta ndiyo yenye harufu, nayo hayavumilii moto: yakichemshwa huondoka na mvuke. Aliyewahi kuisahau sufuria ya chai ya mchaichai jikoni anaijua habari hii, kwa kuwa nyumba nzima hunukia mchaichai isipokuwa chai yenyewe.

Kwa hiyo mpishi hutia hopsi kwa mafungu. Fungu la kwanza huingia mwanzoni mwa kuchemsha na kukaa karibu saa nzima, likatoa uchungu. Fungu la pili huingia moto unapokaribia kuzimwa. La tatu, ambalo kwa maelezo yako ndilo lililokushangaza, halichemshwi kabisa: hutiwa tangini wakati bia imekwisha kuchachuka au inakaribia kumaliza, likalowekwa humo kwa siku chache kama watu wanavyoloweka majani ya dawa katika maji baridi. Fungu hilo hutoa harufu nyingi na uchungu mdogo. Ndiyo maana ulikutana na vitu viwili vilivyoonekana kupingana, mdomo ukisema chungu na pua ikisema tunda, ingawa vyote viwili vimetoka katika ua moja.

Na pua yako haikukosea iliposema embe. Mafuta ya hopsi yana kemikali iitwayo mirsini, na mirsini hiyo hiyo imo katika embe na katika mchaichai. Yana geranioli, ambayo imo katika waridi. Yana linaloli, ambayo imo katika mrihani na mbegu za giligilani. Zaidi ya hayo, baadhi ya aina za hopsi zina chembe za salfa za jamii ile ile inayolipa pera na pasheni harufu yake, nazo ni chache mno, lakini pua ya binadamu huzitambua hata zikiwa sehemu ndogo sana ya lita. Kwa hiyo hakuna haja ya juisi. Inategemea aina tu: Cascade, iliyotolewa Marekani mwaka 1972, hunukia balungi; Citra, iliyokuja miaka mingi baadaye, inasifika kwa embe na machungwa; Saaz ya Ucheki haina tunda kubwa, ina harufu ya majani makavu na viungo kwa mbali. Ukiambiwa jina la hopsi kabla ya kuonja, utakuwa umeambiwa nusu ya harufu.

(Usijaribu kuipanda Ligula. Hopsi hustawi baina ya latitudo ya 35 na ya 55 hivi, kwa kuwa hutaka mchana mrefu wa kiangazi ili ichanue vizuri, na hapa kwetu siku ndefu kuliko zote mwakani inaizidi fupi kwa saa moja na dakika chache tu. Zinazotumika nchini huja kutoka nje, zikiwa zimekaushwa na kushindiliwa kuwa vidonge.)

Hukuuliza kwa nini bia hiyo ilikuwa laga na si bia ya aina nyingine, lakini hapo ndipo ulipo ugumu wa kuionja. Hamira ya laga hufanya kazi katika baridi ya nyuzi 8 hadi 13 hivi, kisha bia hulazwa kwa wiki kadhaa karibu na nyuzi sifuri. Neno lenyewe, kwa Kijerumani, lina maana ya ghala, na mtu wa maghala kama wewe nadhani utalipenda. Hamira za bia nyingine hufanya kazi katika nyuzi 18 hadi 22, na katika joto hilo hutoa harufu zao zenyewe za ndizi, tofaa na matunda mengine, zikajichanganya na za hopsi mpaka usijue kipi kimetoka wapi. Hamira ya laga hunyamaza. Unachonusa katika laga yenye hopsi nyingi ni hopsi na kimea, basi, na mpishi aliyekosea hana pa kulificha kosa lake. Mimi huiheshimu bia hii kuliko zile nzito nyeusi ambazo watu huzisifu kwa kuwa zina mambo mengi, kwa sababu penye mambo mengi hata kasoro hupata mahali pa kukaa.

Wala uchungu huo si mtindo wa juzi. Laga ya kwanza ya rangi ya dhahabu ilipikwa na Josef Groll katika mji wa Plzeň mwaka 1842, kwa hopsi za Saaz, na bia za ukoo huo mpaka leo huwa na uchungu wa vipimo 30 hadi 45 hivi, kipimo kimoja kikiwa takriban miligramu moja ya uchungu wa hopsi katika lita. Laga nyingi za viwanda vikubwa duniani zimeteremka hadi kati ya 10 na 20. Ulichokunywa Dar es Salaam, katika upande wa uchungu, kilikuwa kikirudi nyumbani. Kilichokuwa kipya ni lile embe.

Sasa tuje kwenye boksi. Mnazi uliogemwa asubuhi si ule ule jioni, na uraka wa mabibo hali kadhalika. Sote tunajua kuwa hamira na bakteria zinaendelea kula humo mpaka kinywaji kinakuwa kikali na kichachu. Bia yako haikuharibika kwa njia hiyo. Uchungu wa hopsi huzizuia nyingi kati ya bakteria zinazochachusha tembo, na hiyo ni sababu mojawapo iliyoifanya hopsi itawale bia za Ulaya kwa karne nyingi. Kilichoiharibu ni hewa. Oksijeni iliyoingia chupani ilianza na mafuta ya hopsi, ikayavunja, embe likaondoka. Kisha zikajitokeza zile kemikali zinazonukia boksi, ambazo asili yake ni mafuta machache yaliyomo katika punje ya shayiri. Wewe umeshakutana nayo haya ghalani: korosho iliyobanguliwa ikakaa wazi kwenye joto hupata harufu ya mafuta yaliyochacha, ingawa haina ukungu wala mdudu. Ni ukoo mmoja.

Hewa hiyo iliingia mara tatu. Iliingia kwanza pale bombani, bia ilipomiminwa kwa kishindo na povu ndani ya chupa iliyojaa hewa, na nathubutu kusema madhara makubwa yalifanyika katika nusu dakika hiyo; baa iliyo makini huijaza chupa gesi ya kaboni dayoksaidi kwanza, kisha hupitisha bia kwa mrija unaofika chini. Iliingia tena polepole kupitia plastiki yenyewe, ambayo huruhusu oksijeni kupenya na pia hufyonza mafuta ya hopsi. Na nina hakika, kwa kuwa hata mimi nimewahi kufanya hivyo, kwamba uliifungua kidogo njiani ili uinuse.

Juu ya hewa kulikuwa na joto. Wapishi wa bia wana hesabu yao ya kukisia, kwamba siku 3 katika nyuzi 32 huichosha bia sawa na siku 30 katika nyuzi 22, au siku 300 katika nyuzi 3. Si sheria ya kemia, ni makadirio, lakini yanatosha kukuonyesha kilichotokea kwa chupa iliyopita Kibiti, Nangurukuru na Mingoyo ndani ya buti la basi, zaidi ya kilomita 500, kisha ikakaa juu ya kabati Ligula kwa wiki nzima. Samaki wetu hupanda kwenda Dar es Salaam wakiwa ndani ya deli lenye barafu; bia ikashuka bila hata kipande. Ukitaka kuisafirisha tena, omba chupa ya kioo cha kahawia iliyojazwa mpaka karibu na mdomo, itie ndani ya deli, na uinywe siku ya kufika au kesho yake. Chupa kama hiyo haina ahadi zaidi ya hapo.

Sasa namna ya kuonja. Anza na glasi, na usiione kama ni utaratibu wa kujionyesha. Anayekunywa kwa mdomo wa chupa anaifungia pua nje, na katika bia hii pua ndiyo iliyolipiwa. Glasi iwe imesuuzwa kwa maji safi ya baridi na kuachwa ijikaushe, kwa sababu alama ya mafuta ya samaki au sabuni iliyobaki hulivunja povu, na povu ndilo linalopandisha harufu juu. Ukiona vipovu vimejishika ukutani mwa glasi kama shanga, glasi hiyo ni chafu, hata kama inang'aa; irudishe bila haya. Mimina mpaka upate povu la vidole viwili.

Mhudumu atakuuliza kama ilivyo desturi: ya baridi au ya moto? Jibu la bia hii liko katikati. Ikiwa ya baridi kali iliyogandisha chupa, ulimi hufa ganzi na harufu hubaki ndani ya kimiminika. Ikiwa ya joto la chumba chetu, kimea hulegea na pombe hujitokeza mbele. Nyuzi 5 hadi 8 zinafaa. Kwa hali ya hewa ya Mtwara huna haja ya kipimajoto: pokea glasi ikiwa baridi, inuse mara moja, iache mezani kwa dakika tano hivi, kisha inuse tena. Utakuta jambo ambalo mara ya kwanza halikuwepo.

Kunusa kwenyewe kuwe kwa mafupi, mara mbili au tatu, kisha geuza uso upumzike, maana pua huzoea haraka na ikizoea haikuambii kitu. Usijilazimishe kutaja majina ya kigeni. Jiulize kama ni tunda au ni jani. Kama ni tunda, ni nyama yake au ni ganda. Kama ni embe, ni dodo lililoiva au ni bichi lenye utomvu. Wewe unayeikata korosho na kuitenga nzuri na iliyosinyaa kwa kuitazama mara moja unao ujuzi huo tayari, umeuhamisha tu kutoka jicho kwenda pua.

Kisha kunywa funda la kawaida, si tone. Lizungushe mdomoni, limeze, halafu funga mdomo na utoe pumzi taratibu kupitia puani. Hapo, baada ya kumeza, ndipo embe lako litakaporudi kwa nguvu kuliko uliponusa glasi, kwa kuwa bia imepata joto la mdomo na harufu inapanda kwa njia ya nyuma. Watu wengi humeza na kuanza kuongea papo hapo, wakaipoteza sehemu iliyo bora kuliko zote.

Baada ya hapo subiri uchungu. Haufiki kilele mara moja. Hupanda kwa sekunde kadhaa, hukaa, kisha hushuka, na hukumu ya laga yenye hopsi iko katika kushuka huko. Uchungu mzuri huondoka ukauacha mdomo safi na wenye hamu ya funda la pili. Uchungu mbaya hukaa nyuma ya ulimi kama shubiri, ukakufuata mpaka kwenye chakula. Na usiuchanganye na ukakasi. Sisi wa pwani ya kusini hatuna udhuru wa kuvichanganya viwili hivi, kwa sababu tumekua tukila mabibo: bibo halina uchungu wa kusumbua, lakini huukaza ulimi na kuukausha, ukiupitisha juu ya meno unahisi kitambaa. Ukikuta ukakasi wa namna hiyo katika laga, mara nyingi hopsi zilikaa tangini muda mrefu mno au zilikuwa nyingi kupita kiasi. Mpishi aliyetaka kuwafurahisha wateja kwa harufu alisahau kwamba ua lina majani pia.

Harufu nyingine za kasoro nitazipitia upesi. Siagi, kama ya bisi, maana yake bia iliondolewa kwenye hamira mapema au bomba halisafishwi. Mahindi ya kuchemsha hutokana na kimea na uchemshaji hafifu. Uchachu usiotarajiwa ni uchafu. Harufu ndogo ya kiberiti katika laga changa huondoka yenyewe. Ukungu katika rangi, kwa bia iliyolowekwa hopsi tangini, si kasoro kwa peke yake, kwa hiyo usiikatae kwa macho.

Mdomo uwe mtulivu wakati wa kuonja: maji, kipande cha mkate mtupu, hakuna sigara. Ukimaliza kuonja na kuanza kula ni habari nyingine, na hapo chumvi ni rafiki yako, kwa kuwa huupunguza uchungu ulimini. Pweza wa kuchoma mwenye chumvi na ndimu hukaa vizuri sana na laga hii, na mafuta ya korosho za kukaanga huulainisha uchungu kwa namna ninayoipenda kuliko zote. Pilipili nyingi sikushauri, maana gesi na pombe huichochea.

Utakaporudi kwenye baa hiyo, muulize mhudumu bia ilitiwa lini kwenye pipa na hopsi zake zinaitwaje. Akijua tarehe, agiza. Kama imekaa humo miezi mitatu, agiza bia yao nyingine yenye kimea zaidi, inayovumilia umri. Usiketi juani. Mwanga huuvunja uchungu wa hopsi na kuzaa chembe ya salfa yenye uvundo ambao sisi tungeufananisha na wa kicheche, na katika glasi wazi kwenye jua la pwani kazi hiyo huchukua dakika chache tu.

Kwa ndugu zako waliokucheka, hiyo ndiyo njia rahisi ya kuwanyamazisha bila kusafiri. Nunua laga mbili za kawaida za aina moja, ziwe katika chupa za kahawia, kwa sababu baadhi ya zinazouzwa katika chupa nyeupe hutiwa uchungu uliotengenezwa maalumu usiharibiwe na mwanga. Saa sita mchana mimina moja katika glasi, uifunike kwa kisahani, uiweke juani kwa nusu saa. Nyingine iache kabatini, gizani, ikiwa katika glasi iliyofunikwa vilevile. Kisha zirudishe zote mbili kwenye friji mpaka zilingane baridi, wape wanuse bila kuwaambia ipi ni ipi, na umwache mkubwa wao aanze.